Gorogoro Haina Lebo

Jumatatu tarehe 3 Oktoba 2022, Baraza la Mawaziri chini ya Rais William Ruto liliondoa marufuku ya GMO iliyokuwa imekaa karibu miaka kumi. Taarifa rasmi ilizungumzia ukame, wadudu na usalama wa chakula. Mtaani ilifika ikiwa fupi: wanatuletea mahindi ya GMO. Kufikia wikendi kila mtu alikuwa na yake. Kuna waliosema yanaleta saratani, kuna waliosema ukiyala hutazaa, kuna waliosema ni biashara ya Wamarekani tu. Halafu wataalamu wakaja redioni kutuambia shida yetu ni kuogopa sayansi.

Hiyo kauli ya mwisho ndiyo nataka tuiangalie pole pole, kwa sababu historia haiiungi mkono. Watu wa nchi hii walishapokea mbegu ya kituo cha utafiti kwa mikono miwili. Walishakataa pia chakula ambacho kisayansi hakikuwa na kasoro. Ukifuata safari ya unga kutoka enzi ya mkoloni mpaka leo, swali linalorudi ni lile lile: nani ameamua tule hiki, na tukimuuliza atajibu? Mahali pazuri pa kulifuatia swali hilo ni Ziwani.

Jirani anaitwa Kariokor

Ziwani ni mtaa wa nyumba za kaunti, kati ya Starehe, Pumwani na Kariokor, na Gikomba ni mwendo wa miguu tu. Serikali ya mkoloni iliujenga kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na iliujenga kama mwajiri anavyojenga: pa kulala pawepo, pa kulima si lazima. Mtu wa Ziwani anaweza kuwa na kashamba ushago, na jamaa zake wakamtumia gunia kwa basi baada ya mavuno. Lakini siku nyingi za mwaka anakula alichonunua. Ndio maana mjadala wa GMO, ambao kwenye mikutano huzungumzwa kama mambo ya mkulima, huku ni mambo ya mlaji.

Sasa angalia jina la jirani. Kariokor ni Carrier Corps, lile jeshi la wapagazi ambalo Waingereza waliliandikisha katika Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, kubeba risasi na chakula wakimfuata Mjerumani Tanganyika. Leo tunapajua Kariokor kwa nyama choma na viondo. Wapagazi waliokufa walikuwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na magonjwa, kuhara kukiwa mbele. Chakula kilichangia. Watu waliozoea ndizi, wimbi au mtama walipewa posho ya unga wa mahindi, na safarini mara nyingi hapakuwa na muda wala kuni za kuupika mpaka uive. Tumbo lilikataa, na mpagazi hakuwa na mtu wa kumlalamikia.

Sidhani kuna mtu wa Ziwani anayesikia GMO halafu akafikiria 1917. Lakini huo ni ukurasa mmoja wa mwanzo katika uhusiano wa watu wengi wa nchi hii na unga wa mahindi, na neno limebaki. Tunasema poshomili bila kufikiria. Posho ulikuwa mgao, chakula ambacho mkubwa anakupimia.

Nani alisema ugali uwe mweupe?

Mahindi yalikuja pwani na Wareno, karne kadhaa kabla ya reli. Yaliyolimwa bara zamani yalikuwa ya rangi mchanganyiko. Weupe ulishinda baadaye, kwa sababu za soko. Walowezi walileta mbegu nyeupe kutoka Afrika Kusini, ikiwemo ile iliyoitwa Hickory King, na kufikia miaka ya 1920 walikuwa wanauza Uingereza, ambako viwanda vya wanga vilitaka punje nyeupe. Mahindi yakapangwa kwa madaraja, nyeupe ikapewa bei nzuri. Mashamba hayo hayo ndiyo yaliyolisha vibarua na watu wa mjini. Vizazi viwili baadaye, ugali mweupe ukawa mila yetu.

Mlaji wa Nairobi hakuwa na sauti katika hilo, na hakuwa nayo pia njaa ilipopiga. Mwaka 1942, katikati ya Vita Vikuu vya Pili, serikali iliwahakikishia walowezi bei ya mahindi iliyokuwa juu kuliko ile ya mkulima Mwafrika. Mvua ilipokosekana, 1943 mahindi yakakatika. Wakikuyu wanaikumbuka njaa hiyo kama Ng'aragu ya Mianga, njaa ya mihogo, kwa sababu unga wa mihogo ndio ulioziba pengo. Serikali iliunda tume ya kuchunguza upungufu wa chakula. Watu wakala walichopimiwa.

Uhuru ulipokuja, tungetarajia hadithi ibadilike. Mwaka 1965 mvua ilikosa tena, na mahindi ya manjano yakaja kutoka Marekani. Kelele za jinsi mahindi yalivyogawiwa na kuuzwa zilikuwa kubwa mpaka 1966 ikaundwa tume ya uchunguzi, na waziri Paul Ngei akasimamishwa kazi kwa muda. Kisha ukaja ukame wa 1984 na shehena nyingine ya manjano. Ukambani, njaa moja ya mwanzo wa miaka hiyo ya 1980 iliitwa Nikwa Ngwete: nakufa nimeshika pesa mkononi. Hakuna jina linaloeleza vizuri zaidi hofu ya mtu anayetegemea duka.

Watu walikula manjano kwa sababu hawakuwa na lingine, lakini waliyadharau. Walisema ni chakula cha ng'ombe. Kisayansi manjano hayana ubaya wowote, tena yana viini vya vitamini A ambavyo meupe hayana. Lakini ile dharau haikutoka hewani. Marekani, sehemu kubwa ya mahindi ya manjano kweli hulishwa mifugo. Mtu aliyepewa bila kuelezwa alijumlisha mbili na mbili akapata jibu lake: sisi tumewekwa kundi gani?

Mbegu iliyopendwa

Lakini kumbuka 1964. Mwaka huo kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mahindi chotara, H611, yaliyopatikana kwa kuzalisha aina ya Kitale na nyingine iliyotoka Ecuador. Kazi ya wanasayansi, damu ya kigeni, jina la namba. Kama Wakenya wangekuwa watu wa kuogopa sayansi, hapo ndipo wangekimbia. Badala yake wakulima wadogo waliichukua haraka mpaka watafiti wa nchi nyingine wakawa wanaizungumzia kama mfano.

Kwa nini hiyo walikubali? Iliwezekana kuiona. Jirani alipanda, ukapita kando ya shamba lake, ukahesabu magunia yake. Kituo kilikuwa Kitale, kampuni ya mbegu ilikuwa hapa hapa, na ukiibiwa mbegu ulijua umfuate nani. Ilikuwa na gharama yake, kwani mbegu ya chotara lazima ununue kila msimu la sivyo mazao yanashuka. Wapinzani wa GMO leo wanaitaja hiyo kama onyo. Lakini uamuzi wa kupanda ulikuwa wa mkulima mwenyewe, na ungeweza kubadilishwa msimu unaofuata.

GMO ilikuja kwa njia tofauti. Wazo lenyewe si gumu. Kuna bakteria wa udongoni anayeitwa Bacillus thuringiensis, ambaye hutengeneza protini inayoua aina fulani za viwavi. Wanasayansi walichukua jeni ya protini hiyo wakaipandikiza kwenye mahindi, ili funza anayetoboa bua akila afe. Ndiyo hayo mahindi ya Bt. Afrika Kusini wamekuwa wanakula mahindi meupe ya aina hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyo sokoni kimataifa vimepita vipimo vya usalama, na havielekei kuleta hatari kwa afya. Tuliweke hilo wazi, kwa sababu mtu akikuambia unga wa GMO utakufanya usizae, hana ushahidi.

Ila hapa Kenya habari za GMO zilikuja na milango imefungwa. Mei 2000, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano ambapo Itifaki ya Cartagena kuhusu usalama wa viumbe hai ilifunguliwa kutiwa sahihi, na Kenya ilikuwa mstari wa mbele kusaini. Wakati huo huo watafiti wetu walikuwa na viazi vitamu vya GMO vilivyotangazwa ulimwenguni kama mkombozi wa mkulima wa Afrika. Kufikia 2004 magazeti yalikuwa yanaripoti kwamba vile viazi havikushinda virusi kama ilivyoahidiwa. Katikati ya hapo, mwaka 2002, Zambia ikiwa kwenye njaa kali, Rais Levy Mwanawasa alikataa msaada wa mahindi ya GMO. Dunia iligawanyika: wengine wakamwita shujaa, wengine wakasema anachezea maisha ya watu. Hapa kwetu, kila aliyesikia alijiuliza kama na sisi tungeulizwa.

Sheria ya usalama wa viumbe hai ilipitishwa 2009, ikaunda Mamlaka ya Kitaifa ya kusimamia mambo hayo. Mwaka uliofuata, shehena ya mahindi kutoka Afrika Kusini ilizua vurugu Mombasa, na mashirika ya bayoanuwai na ya wakulima yakapaza sauti. Mwaka 2011 bei ya unga ilipanda vibaya. Bunge la Mwananchi, wale wasee wa Jeevanjee, wakaingia barabarani na kampeni waliyoiita Unga Revolution. Mwaka huo huo serikali ikaweka kanuni za kuruhusu GMO iingie nchini. Ukiwa Eastlands, hizo habari mbili zilikuwa moja. Unaandamana unga ushuke, jibu unaloletewa ni unga wa aina nyingine.

Chumba kile kile

Septemba 2012, mwanasayansi Mfaransa Gilles-Éric Séralini alichapisha utafiti uliodai kwamba panya waliolishwa mahindi ya GMO walipata uvimbe. Picha za wale panya zilizunguka dunia nzima. Novemba mwaka huo, Baraza la Mawaziri la Kenya likapiga marufuku uagizaji wa GMO. Waziri wa Afya ya Umma alikuwa Beth Mugo, ambaye alikuwa ameeleza hadharani kwamba alitibiwa saratani, na nchi nzima ilikuwa inazungumza saratani. Mwaka mmoja baadaye jarida lililochapisha utafiti ule liliuondoa, likisema data haikutosha kufikia uamuzi. Mwaka 2014 jarida lingine liliuchapisha tena. Marufuku yetu haikusonga. Agosti 2015 Ruto, wakati huo Naibu Rais, alisema itaondolewa ndani ya miezi miwili. Ilichukua miaka saba.

Wanaharakati walishangilia 2012 na kulia 2022. Wanasayansi walilia 2012 na kushangilia 2022. Wachache walisema kwamba ilikuwa ni njia ile ile. Mara zote mbili, watu kadhaa walikaa kwenye chumba kimoja, wakaamua kuhusu sufuria ya kila mtu, wakatoka na taarifa. Ukifurahia marufuku iliyotolewa bila kuulizwa, umeshakubali kwamba inaweza kuondolewa bila kuulizwa.

Na wakati wa kuiondoa ulichaguliwa vibaya. Julai 2022 serikali iliyokuwa inaondoka ilipunguza pakiti ya kilo mbili mpaka shilingi 100, kutoka zaidi ya 200. Serikali mpya ilipoingia Septemba haikuiendeleza ruzuku hiyo. Wiki chache baadaye, GMO ikaruhusiwa. Novemba, Waziri wa Biashara Moses Kuria akatangaza mpango wa kuagiza magunia milioni 10 ya mahindi, na akatania kwamba ukiwa Kenya kuna mambo mengi sana yanayoweza kukuua, kwa hivyo kuongeza GMO kwenye orodha si neno. Manze, hakuna mpinzani wa GMO ambaye angeweza kufanya kampeni nzuri kuliko hiyo. Mtu anauliza kama unga ni salama, waziri anamjibu kwamba kifo ni kifo.

Na watu walikuwa na sababu za kuuliza ambazo hazihusiani na jeni. Mwaka 2004, mahindi yenye aflatoksini, ile sumu ya kuvu, yaliua watu 125 Ukambani na maeneo jirani. Mahindi yetu wenyewe, ya kawaida kabisa. Mwaka 2018 tukaambiwa na waziri kwamba kuna sukari yenye zebaki. Novemba 2019 shirika la viwango likaondoa sokoni chapa tano za unga kwa sababu ya aflatoksini, chapa ambazo watu walikuwa wamekula mpaka juzi yake. Zote hizo zilikuwa zimepita mbele ya mtu wa serikali mwenye kalamu na muhuri. Halafu mwenye muhuri huyo huyo anakwambia: hii ya sasa niamini.

Kortini

Baada ya hapo mambo yakahamia mahakamani. Novemba 2022 Jaji Mugure Thande alisimamisha uagizaji kwa muda, katika kesi ya Kenyan Peasants League, na Januari 2023 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuondoa amri hiyo. Oktoba 2023, katika kesi nyingine iliyoletwa na Chama cha Mawakili, Jaji Oscar Angote wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi aliamua upande wa serikali. Alisema hapakuwa na ushahidi wa madhara, na kwamba kama nchi tunapaswa kuziamini taasisi tulizo nazo, huku tukizirudisha kwenye mstari zikivunja sheria. Novemba 2024 Mahakama Kuu ikatupa kesi ya wakulima, ikisema mambo hayo yalishaamuliwa. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha tena GMO mpaka rufaa isikizwe.

Maneno ya Jaji Angote yana uzito, na kisheria huenda alikuwa sahihi. Jaji anaangalia ushahidi ulio mbele yake, na ushahidi wa madhara haukuwepo. Lakini kuamini taasisi ni kama kuamini mwenye duka: huamriwi, unazoea. Unazoea kwa sababu alikurudishia chenji sawa jana na juzi. Kwenye unga, kuanzia mgao wa wapagazi mpaka chapa tano za 2019, chenji imekuwa ikirudi pungufu.

Mkulima angalau amepata kitu. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos iliamua kwamba vifungu vya sheria ya mbegu vilivyomfanya mkulima mhalifu kwa kubadilishana mbegu na jirani yake vinakiuka Katiba. Ni ushindi mkubwa, na uliletwa na wakulima wadogo wenyewe. Mlaji wa mjini bado hajapata wake.

Lebo inaishia wapi

Tuseme basi kesho rufaa inaisha na mahindi ya GMO yanaingia. Sheria ipo. Kanuni za lebo za 2012 zinasema chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO lazima kiandikwe. Kwenye supamaketi, hiyo inaweza kufanya kazi: unageuza pakiti, unasoma, unaamua.

Lakini fuata gunia lisiloenda supamaketi. Linashuka kwa lori, linauzwa kwa jumla Nyamakima, linachanganywa na mengine. Mwenye duka ananunua, anamwaga kwenye ndoo, anapima kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili. Mteja anabeba mahindi yake mpaka poshomili, yanasagwa baada ya ya mtu mwingine, na vumbi la yule wa kwanza limebaki kwenye mashine. Jioni ni ugali. Kwenye kibanda cha chakula mchana ni hivyo hivyo, hakuna anayeletewa sahani yenye maandishi. Anayenunua kwa gorogoro ni yule ambaye hana pesa ya pakiti. Yaani haki ya kuchagua ipo, ila inauzwa kwa bei ya pakiti.

Katiba ya 2010 haikuiandika hivyo. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya habari anayohitaji kuhusu bidhaa. Kifungu cha 10 kinataka wananchi washirikishwe. Hakuna mahali panaposema haki hizi ni za wenye friji.

Mashirika yanayopinga GMO yamefanya kazi kubwa, lakini nayo yamezoea kuongea kwa jina la mkulima na mbegu zake za asili. Watu wa serikali wanaongea kwa jina la mwenye njaa. Ziwani haijasikia sana jina lake. Swali la mtaa huu ni jepesi na gumu kwa wakati mmoja: je, yale magunia yatapimwa na kutenganishwa kabla hayajafika kwenye ndoo? Matokeo yatabandikwa wapi, kwa lugha gani? Yakionekana mabaya, nani atafunga duka, na nani atawajibika juu ya yule mwenye duka?

Hayo yanaulizwa kwa aflatoksini pia, na hiyo iko kwenye mahindi yetu leo, bila kungoja mahakama. Nchi ikiweza kumhakikishia mama anayepika ugali Ziwani kwamba gorogoro yake haina kuvu, na ikamuonyesha imejuaje, siku ya kuzungumza GMO atakuwa na sababu ya kuisikiliza. Mpaka hapo ataendelea kufanya alichofanya na manjano ya 1984: atanunua kwa sababu watoto lazima wale, na hataamini neno hata moja.